Waliochimba Mfereji wa Panama walilala wapi? Kambi, kichomi na vibanda vya masanduku ya baruti

Baharia wa Muheza (mleta uzi) #1

Wakuu, salaam.

Nimevuka Mfereji wa Panama mara nne, enzi zangu za meli za mizigo. Kila tulipoingia Culebra, pale mlima ulipokatwa katikati, nilikuwa natoka sitahani kuangalia kingo. Zimechongwa ngazi kwa ngazi kama matuta ya Lushoto, zimeota majani, pametulia kabisa. Ukiwa pale utasimuliwa uzito wa milango ya maji, kina cha mfereji na akili za wahandisi. Katika safari zote nne sikumsikia mtu hata mmoja akitaja mahali walipokuwa wanalala waliochimba.

Mimi ni mtoto wa kota za mkonge. Babu alishuka Tanga akitokea Songea akiwa manamba, bibi akamfuata miaka mingi baadaye. Ndiyo maana nikisikia kazi kubwa iliyokusanya maelfu ya watu mbali na kwao, maswali yangu huanzia chumbani na jikoni. Walilalia nini? Nani aliwapikia? Nguo zilizolowa zilikauka wapi? Mke na watoto walikuwa upande gani? Nimesoma kwa muda, nimekusanya, naleta hapa. Ni ndefu, kaeni mkao.

Walioanza kuchimba ni Wafaransa, mwaka 1881, chini ya Ferdinand de Lesseps, yule yule wa Mfereji wa Suez. Vibarua wao wengi walitoka Jamaica. Kampuni ikafilisika mwaka 1889, kazi ikasimama, na maelfu ya Wajamaika wakakwama kule bila ujira wala nauli. Waliokufa miaka hiyo wanakadiriwa kuwa 20,000 au zaidi. Kwa hiyo Wamarekani walipouchukua mradi tarehe 4 Mei 1904 na kuomba watu, wakuu wa Jamaica waliweka ngumu. Wamarekani wakageukia Barbados.

Barbados ni kisiwa kidogo cha Karibea, na wakati ule karibu ardhi yote ilikuwa ya mashamba ya miwa. Kibarua alipata kama senti 20 za dola kwa siku. Ofisi ya kuandikisha watu ikafunguliwa mjini Bridgetown na masharti yake yalikuwa haya: siku 500 za kazi, saa 10 kwa siku, senti 10 kwa saa, nauli ya meli bure. Dola moja kwa siku, mara tano ya ujira wa nyumbani. Wanaume karibu 20,000 waliandikishwa, na wengine wengi wakajilipia nauli wenyewe. Mwaka 1891 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 182,000. Mwaka 1911 walikuwa wamebaki kama 172,000.

Kila aliyeshuka bandari ya Colón, Panama, alipewa kibati cha shaba chenye namba. Bila kibati hakuna mshahara. Nilipofika hapo katika kusoma niliweka kitabu chini nikakaa kimya kwa muda, maana neno letu manamba limezaliwa na jambo hilo hilo, na babu yangu aliitwa hivyo mpaka anaingia kaburini.

Sasa kuhusu kulala. Waliotangulia mwaka 1904 na 1905 hawakukuta chochote kilichoandaliwa. Walilala kwenye mahema, kwenye mabehewa ya mizigo, na kwenye majumba ya mbao waliyoacha Wafaransa, yaliyokuwa yamekwisha kumezwa na pori. Baadaye zikajengwa kambi za wanaume wasio na familia. Kambi moja ya mbao ilichukua watu 72. Vitanda vilikuwa vya turubai, vimening'inizwa kwa tabaka tatu, mmoja juu ya mwingine. Hakuna godoro, hakuna shuka isipokuwa ulete yako, hakuna pa kufungia sanduku. Kupika ndani marufuku. Ukikutwa kambini saa za kazi na huna ruhusa ya daktari, ulikamatwa kwa uzururaji.

Naendelea jioni, nipo njiani.

---

Kijana wa Kota #2

Shikamoo mzee wangu. Nimekaa mbele kabisa. Na hao Wazungu wa Kimarekani walilala hivyo hivyo kwenye turubai?

---

Baharia wa Muheza #3

Marahaba mwanangu. Hapana, na hapo ndipo penye kiini cha mambo.

Waajiriwa wote waligawanywa kwenye madaftari mawili ya malipo. La kwanza liliitwa daftari la dhahabu, la pili daftari la fedha. Wa dhahabu walilipwa kwa sarafu za dhahabu za Marekani, wa fedha kwa sarafu za fedha za kule. Mwanzoni ulikuwa mgawanyo wa ujuzi wa kazi, lakini haukukawia kuwa mgawanyo wa rangi: dhahabu Mmarekani mweupe, fedha mtu mweusi wa visiwani (yaani Barbados, Jamaica na visiwa vingine vya Karibea) pamoja na Wahispania na Waitalia waliochimba. Maneno hayo mawili yakabandikwa kila mahali. Posta ilikuwa na dirisha la dhahabu na dirisha la fedha. Vivyo hivyo maduka ya kampuni, mabehewa ya treni, wodi za hospitali, mabomba ya maji ya kunywa, vyoo, shule za watoto.

Nyumba za watu wa dhahabu zilipimwa kwa mshahara. Kwa kila dola ya mshahara wa mwezi, futi moja ya mraba ya nyumba. Akioa, mke naye anahesabiwa kiasi kile kile. Nyumba inakuja na samani, taa na makaa ya jikoni, vyote bure, na baraza lote limezungushiwa wavu wa shaba wa kuzuia mbu. Kambi za watu wa fedha kwa miaka ya mwanzo hazikuwa na wavu.

Hebu fikiria, mwanangu. Wavu. Daktari mkuu wa mradi, William Gorgas, alikuwa anajua vizuri kabisa kwamba mbu ndiye anayebeba homa ya manjano na malaria. Carlos Finlay wa Cuba alishalisema la homa ya manjano mwaka 1881, na Ronald Ross alishaonyesha la malaria mwaka 1897. Elimu ilikuwepo. Wavu ulikuwepo. Uliwekwa kwanza pale alipolala mtu wa dhahabu.

---

Nesi wa Zamu #4

Asante sana kaka kwa uzi huu. Naomba niongeze kidogo upande wa maradhi, maana watu wengi wanajua kisa cha Panama kwa habari ya mbu tu.

Kazi ya Gorgas dhidi ya mbu ilikuwa kubwa kweli na siibezi hata kidogo. Mwaka 1905 nyumba za mji wa Panama zilizibwa nyufa kwa karatasi na kufukizwa moja baada ya nyingine. Ilitumika tani 120 hivi za unga wa pareto na tani 300 za salfa. Ndiyo, pareto hii hii wanayolima Mufindi. Mapipa ya maji ya kila nyumba yalikaguliwa, yakamiminiwa mafuta ya taa kuua viluwiluwi, mpaka maji ya bomba yalipofika. Mgonjwa wa mwisho wa homa ya manjano mjini Panama alionekana Novemba 1905. Malaria ilichukua muda zaidi: mwaka 1906 waajiriwa zaidi ya 21,000 kati ya 26,000 walilazwa kwa malaria, na mwaka 1912, wakati waajiriwa wamezidi 50,000, waliolazwa walikuwa kama 5,600.

Lakini kibarua mweusi alikuwa na muuaji mwingine ambaye wavu haumzuii: kichomi, yaani nimonia. Mwaka 1906 kichomi ndicho kilichoongoza kwa kuua watu wa visiwani pale Panama, kupita malaria. Mwaka huo huo kiwango cha vifo cha waajiriwa weusi kilizidi cha weupe zaidi ya mara tatu. Kichomi kinapenda nini? Watu wengi chumba kimoja, hewa haitoki, mwili umechoka, chakula hafifu, ubaridi wa nguo mbichi usiku. Kambi ya watu 72 kwa tabaka tatu za turubai ni kama umekiandalia kitanda. Na wengi walikuwa wageni waliotoka kwenye vijiji vidogo vya kisiwani, miili yao haijawahi kukutana na vijidudu vya umati wa namna ile. Mmoja akikohoa tabaka la chini, wa juu amekwishapata.

Wodini kwangu nimeona mabweni yakituletea wagonjwa kwa mafungu. Wanakuja watano wa chumba kimoja. Ukiuliza wanalala wangapi, unapata jibu la ugonjwa kabla hujashika kipimo.

---

Baharia wa Muheza #5

Dada Nesi, umenigusia mahali nilipokuwa naelekea. Ngoja niseme habari ya nguo.

Panama mvua inanyesha karibu miezi minane ya mwaka, na upande wa Colón hainyeshi kwa adabu, inamwagika. Kibarua aliingia mfereji alfajiri, akapigwa na mvua mchana kutwa kwenye tope, akarudi kambini maji yakimchuruzika. Wengi walikuwa na suruali moja na shati moja la kazini. Kambini hapakuwa na chumba cha kukaushia nguo na moto hauruhusiwi ndani. Basi alilala nazo, au alizining'iniza juu ya kichwa cha mwenzake, na alfajiri alizivaa zikiwa mbichi vile vile. Mwaka 1963 chama cha historia cha kule Panama kilitangaza shindano la barua kwa wazee wa visiwani waliofanya kazi wakati wa ujenzi, waandike walichokiona. Zilikuja barua zaidi ya 100. Ilikuwa imepita karibu miaka 50 tangu kazi iishe, na jambo linalorudi tena na tena katika barua zao ni hilo: kuamka asubuhi na kuvaa nguo mbichi. Baruti wanaitaja, maporomoko ya udongo wanayataja, treni zilizokata watu miguu wanazitaja. Lakini nguo mbichi hawakuisahau.

Chakula nacho. Jiko la vibarua weusi lilitoza chini kidogo ya senti 30 kwa siku kwa milo mitatu, zikikatwa kwenye mshahara. Wahispania na Waitalia walikuwa na mabwalo yao yenye meza na mabenchi, senti 40 kwa siku. Jiko la weusi halikuwa na pa kukaa. Unachukua sahani yako dirishani, unakula umesimama, au umechuchumaa kando ya reli, na mvua ikija inajaza sahani. Wali ulipikwa kwenye masufuria makubwa ukawa nusu mbichi. Watu walioacha kwao viazi vikuu, samaki na shelisheli hawakuuweza. Wengi wakaacha kula jikoni, wakashinda na mkate, miwa na samaki wa kopo. Halafu wakuu wa kazi wakawa wanaandika kwamba mtu wa visiwani ni mvivu na hana nguvu! John Stevens, mhandisi mkuu tangu 1905, akawaleta Wahispania zaidi ya 8,000 kwa senti 20 kwa saa, mara mbili ya malipo ya mtu mweusi, kwa imani kwamba wao ndio wana nguvu. Mtu anayelala amelowa na kula wali mbichi unampimaje nguvu?

---

Kyela Ziwani #6

Wakuu, hapa lazima niingie, maana huyo Gorgas amegusa hata kwetu huku kusini.

Babu yangu mzaa mama alikwenda Wenela miaka ya 50. Vijana wasioijua Wenela: ni wale waliokuwa wanaandikisha watu wa kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na Tanganyika iliwasimamisha baada ya uhuru. Babu alikuwa anasimulia makambi ya migodini, saruji tupu, watu wamepangwa kama mikate ya tanuri.

Sasa rudi nyuma, kabla ya enzi za babu. Mwanzoni mwa karne ile watu kutoka Nyasa (Malawi ya leo) na Msumbiji walikuwa wanakufa kwa kichomi kwenye migodi ya dhahabu ya Rand, kule Johannesburg, kwa wingi wa kutisha, mpaka mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ikapiga marufuku kuandikisha watu wa nchi za joto za kaskazini. Mwishoni mwa mwaka huo huo wenye migodi wakamwita Gorgas kutoka Panama aje awashauri. Na alichowaambia kilitokana na alichokiona kule: vunjeni makambi ya umati, mpeni mtu kibanda chake aishi na mke na watoto. Alisema Panama kichomi kilishuka vibarua walipotoka kambini na kwenda kuishi kwenye vibanda vyao maporini.

Makambi hayakuvunjwa. Familia kuishi mgodini kulikuwa kunamaanisha mshahara wa kulisha familia, na wenye migodi walitaka mwanaume peke yake, mke abaki kijijini amlee mtoto na kumuuguza mume akirudi na mapafu mabovu. Babu alirudi na mapafu mabovu.

---

Nesi wa Zamu #7

Pole sana ndugu yangu wa Kyela.

Kitaalamu niongeze kitu kimoja ili tusimpe Gorgas sifa yote: kichomi Panama kilipungua pia kwa sababu wageni wapya walipungua kadiri miaka ilivyokwenda, na waliokuwepo miili yao ilikwisha kuzoea. Lakini kutoka kwenye msongamano kulisaidia. Hilo ushahidi wake ni mzito.

---

Mama Wawili #8

Kaka Baharia, naomba swali. Tumesikia wanaume, wanaume, wanaume. Vibanda hivyo vya porini vilijengwa na nani? Na huyo mwanaume aliyeacha kula jikoni alikula kwa nani? Mimi ni mama lishe kituo cha mabasi mwaka wa 11 huu, na penye ujenzi wowote ninaoujua, sufuria ya mwanamke inafika kabla ya saruji.

---

Baharia wa Muheza #9

Mama Wawili, nilikuwa nalisubiri swali hili, na nashukuru limetoka kwako.

Mkataba wa siku 500 uliandikwa kwa ajili ya mwanaume peke yake. Mwanamke wa Barbados, Jamaica, Martinique au Saint Lucia alijilipia nauli ya sitahani, mara nyingi kwa fedha aliyotumiwa na mume au ndugu, au aliyouza kuku na mbuzi. Wako wachache waliochukuliwa na mradi wenyewe kutoka Martinique mwaka 1905, na magazeti ya Marekani yakawachafua majina kwa kuwaita malaya, mpaka ukafanyika uchunguzi. Wanawake wale walikuja kufua na kufanya kazi za nyumbani.

Alipofika, kambi haimpokei. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kupanga chumba mjini Colón au Panama, kwenye majumba marefu ya mbao yenye vyumba mgongo kwa mgongo, familia nzima chumba kimoja, baraza la kupikia la wote, choo cha wote, kodi ya juu kwa sababu wenye nyumba walijua watu hawana pa kwenda. Colón ulikuwa umejengwa juu ya kinamasi. Maji yalisimama chini ya sakafu za nyumba. Njia ya pili ni pori. Wanaume na wanawake walikwenda kando ya reli, wakafyeka, wakasimamisha kibanda. Mbao zilitoka kwenye masanduku ya baruti, na baruti ilikuwa inashuka kwa meli nzima nzima, masanduku hayakukosekana. Paa la mabati chakavu au la majani. Wengine walihamia ndani ya mabehewa ya Wafaransa yaliyokuwa yanaoza porini.

Kwa macho ya mkaguzi wa nyumba hivyo vilikuwa vibanda vya aibu. Kwa aliyetoka kwenye turubai la tabaka la tatu, kulikuwa na moto wa kukaushia shati. Kulikuwa na mlango. Nyuma palikuwa na migomba, mihogo, viazi vikuu na kuku. Mwanamke aliamka kabla ya treni ya wafanyakazi, akampa mume chai na chakula cha kubeba. Kutwa alifua nguo za familia za Kimarekani mtoni, akazipiga pasi ya mkaa, akazirudisha zimekunjwa. Au alibeba sinia kichwani kwenda kuwauzia vibarua kando ya reli mikate, samaki wa kukaanga, maandazi ya nazi na kinywaji cha tangawizi. Yule aliyelikimbia jiko la wali mbichi alikula kwake, mara nyingi kwa mkopo mpaka siku ya mshahara. Siku hiyo treni maalumu ilipita ikiwa imebeba fedha ya sarafu kwa tani, kwa sababu wa fedha walilipwa kwa sarafu mkononi, mmoja mmoja, kwa kuonyesha kibati. Mwenye sinia alikuwa amesimama hapo hapo.

Kadiri miaka ilivyopita, vibarua wengi wa fedha walitoka wakaishi nje ya makambi, mjini au porini. Hawakulazimishwa kutoka. Walichagua kulipa kodi au kujenga kibanda kuliko kulala bure kambini. Nikiulizwa nani aliyeokoa mapafu ya wachimbaji wa Panama, baada ya daktari nitamtaja mwanamke aliyewasha moto kwenye kibanda cha masanduku ya baruti, na sioni sababu ya kumweka wa pili.

Watoto walikuwa na shule zao za weusi: chumba kimoja, mwalimu mmoja aliyetoka visiwani, watoto wengi kupita kiasi. Baba akikatwa mguu na treni, mtoto aliacha shule akawa mchota maji wa kikosi. Na ajali hazikuwa chache. Tarehe 12 Desemba 1908 pale Bas Obispo tani 22 hivi za baruti zililipuka kabla ya wakati wake, watu zaidi ya 20 wakafa papo hapo. Hesabu rasmi ya kipindi cha Wamarekani, 1904 hadi 1914, ni vifo 5,609 vya maradhi na ajali, na kama 4,500 kati yao walikuwa watu wa visiwani. Nyuma ya hesabu hiyo weka wajane.

---

Mama Wawili #10

Hapo kwenye chakula cha mkopo mpaka siku ya mshahara nimejiona mwenyewe. Daftari langu la madeni ninalo hapa mezani. Mungu awarehemu wanawake wale.

---

Mtu wa Hesabu #11

Mkuu, uzi mzuri, lakini niruhusu nipingane kidogo kwa heshima. Hakuna aliyefungwa kamba. Dola moja kwa siku ni mara tano ya alichopata kwao, umesema mwenyewe. Nyumba kambini bure, matibabu bure. Wengi walirudi na fedha. Tukipima kambi ya 1906 kwa macho ya leo tunawaonea. Wakati ule hata London na New York maskini walilala watano chumba kimoja.

---

Baharia wa Muheza #12

Hoja yako ni ya haki, na sitaki kuikwepa.

Fedha ilirudi, ni kweli. Barbados wanaiita mpaka leo fedha ya Panama. Ilitumwa kwa hawala za posta, na wanawake walioachwa ndio walioipokea na kuamua la kufanya nayo. Walinunua viwanja vidogo kutoka kwenye mashamba ya miwa yaliyokuwa yanauzwa vipande vipande, ardhi ambayo bibi zao, watumwa, waliilima bila kumiliki hata tuta moja. Mashati ya harusi, saa za mfukoni, michango ya vyama vya kuzikana, vyote vilitoka huko. Sisemi kwamba kwenda kulikuwa kosa.

Kuhusu hiari, wengi walikwenda kwa hiari, lakini hiari ilikuwa na mipaka. Mwaka 1905 meli ya Versailles ilileta watu zaidi ya 600 kutoka Martinique. Walikataa kushuka, wamesikia habari za Panama na wanaogopa chanjo. Askari wakapanda melini wakawashusha kwa virungu.

Na kuhusu kupima kwa macho ya leo, sihitaji macho ya leo. Napima kwa macho ya mwaka ule ule 1906, mahali pale pale, umbali wa kutupa jiwe. Fedha iliyonunua wavu, samani na baraza ilitoka hazina hiyo hiyo iliyonunua turubai la tabaka tatu. Aliyepanga nyumba za dhahabu alijua nyumba nzuri inafananaje. Alishaichora.

---

Mtu wa Hesabu #13

Hapo nimekuelewa. Kile cha futi moja kwa dola sikuwahi kukisikia. Mtu wa dola 26 kwa mwezi hata kwa kipimo hicho hicho angestahili futi 26 za mraba, na mle kambini hakuzipata.

---

Kijana wa Kota #14

Mzee wangu, vibanda vile viko wapi sasa? Kuna vijiji vimebaki?

---

Baharia wa Muheza #15

Viko chini ya maji na chini ya msitu, mwanangu.

Mto Chagres ulipozibwa Gatún, ziwa likapanda likameza vijiji na miji ya kando ya reli ya zamani: Matachín, Gorgona, na vingine. Halafu Desemba 1912 Rais William Taft akatoa amri kwamba ardhi yote ya ukanda wa mfereji inahitajika na serikali, watu waondolewe. Kuanzia hapo hata vijiji ambavyo maji hayakuvifikia vikafutwa. Wanaokadiria wanasema waliohamishwa walikuwa 40,000 hivi: wenyeji wa Panama waliokuwepo karne nyingi pamoja na familia za visiwani zilizojenga vibanda na kupanda migomba. Meli ya kwanza rasmi, Ancon, ilipopita tarehe 15 Agosti 1914, kingo zilikuwa zimesafishwa. Ndiyo maana mimi nilisimama sitahani nikaona majani tu.

Kazi ilipoisha wengi walipunguzwa. Wengine wakaenda kwenye migomba ya Costa Rica na miwa ya Cuba. Waliobaki kazini walipewa miji ya watu wa fedha, kama La Boca na Red Tank, na nyumba hizo zikawa fimbo. Februari 1920 maelfu ya wafanyakazi wa fedha waligoma, akiwaongoza mwalimu wa Kibarbados, William Stoute. Jibu lilikuwa kuwatoa wagomaji kwenye nyumba, wao na watoto wao na vyombo vyao, na mgomo ukavunjika. Panama yenyewe nayo, kwa katiba ya mwaka 1941 chini ya Arnulfo Arias, ikawanyima uraia watoto wa wahamiaji weusi wasiozungumza Kihispania, watoto waliozaliwa pale pale.

Na uzee wao. Mwaka 1937 bunge la Marekani lilipitisha posho kwa wa fedha waliochoka mwili: dola moja kwa mwezi kwa kila mwaka aliotumikia, isizidi 25. Mwaka 1944 likapitisha pensheni ya heshima kwa waliofanya kazi wakati wa ujenzi, miaka mitatu au zaidi. Sharti lilikuwa uwe raia wa Marekani.

---

Kyela Ziwani #16

Kaka, zile barua za wazee za 1963 zinapatikana wapi mtu akazisoma mwenyewe?

---

Baharia wa Muheza #17

Chuo Kikuu cha Florida kimeziweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni, pamoja na mkusanyiko mkubwa wa picha na nyaraka za mfereji. Kusoma ni bure. Zimeandikwa kwa Kiingereza cha visiwani, nyingine kwa mkono unaotetemeka, hazijasahihishwa. Soma polepole. Na ukifika mji wa Panama lipo Jumba la Makumbusho la Waafro-Antila, tangu 1980, ndani ya kanisa dogo la mbao lililokuwa la watu wa visiwani. Ndani wamepanga chumba cha familia ya wakati ule: kitanda, beseni, pasi ya mkaa. Mimi nilikwenda siku ya mapumziko meli ikisubiri zamu. Yule mama aliyekuwa mlangoni aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanga. Nikamweleza habari ya babu na neno manamba. Akanyanyuka, akaenda kwenye kabati la kioo, akanionyesha kibati.